Lipu Iliyolowa: Kurekebisha Ukuta na Dari Baada ya Maji Kupita

Rangi ikianza kuvimba malengelenge, au lipu ikamwaga unga mweupe sakafuni, wengi hukimbilia duka la rangi. Wanakwangua, wanajaza puti, wanapaka mikono miwili, na ukuta unapendeza mpaka masika. Kisha doa linarudi palepale, mara nyingi pana kuliko mwanzo. Kosa si la rangi. Maji hayakukatwa njia, au yalikatwa lakini ukuta ukafunikwa kabla haujakauka.

Maelekezo haya ni ya nyumba kama zilivyo nyingi za pwani na bara: matofali ya saruji ya inchi 5 au 6, lipu ya mchanga na saruji, paa la bati, dari la jipsamu au slabu ya zege. Nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu zina masharti yake, na tutayafikia.

Soma doa kabla ya kushika tindo

Doa la chini, linaloanzia sakafuni na kuishia kwenye mstari wa mawimbi, kwa kawaida chini ya mita 1, likiwa na chumvi nyeupe inayochanua juu yake, ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Huenda tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi halikuwekwa, au limechanika. Lakini kabla ya kulaumu msingi toka nje ukaangalie. Mara nyingi udongo, bustani ya maua au sakafu ya uwani vimeinuliwa mwaka hadi mwaka mpaka vikalipita tabaka hilo, au lipu ya nje imeshuka ikagusa udongo na sasa inanyonya kama utambi wa taa. Shusha udongo uwe angalau sentimita 15 chini ya tabaka, kata lipu ya nje iishie juu ya ardhi, kisha mwaga kibaraza chembamba kinachoinamia nje kwa sentimita 5 katika kila mita 2. Paa lisilo na gata nalo huleta balaa hilohilo: maji ya bati yanachimba mfereji chini na kurusha matope ukutani kila mvua inaponyesha.

Doa la katikati ya ukuta, hasa ule unaopakana na bafu au jiko, hutiliwa shaka ya bomba. Funga koki zote, soma mita ya maji, kaa saa 2 bila mtu kutumia maji, kisha soma tena. Namba ikisogea, kuna bomba linalovuja. Isiposogea, jaribu sakafu ya bafu: ziba tundu la kutolea maji, jaza maji kina cha sentimita 2, weka alama ya penseli kwenye kigae, uache saa 24. Maji yakishuka, au doa la upande wa pili likikolea, tatizo ni sakafu na maungio yake.

Doa la juu ya ukuta, chini kidogo ya dari, ni la paa. Hapa nyumba za paa la kuficha zinastahili maneno zaidi, maana ndizo zinazosumbua sana siku hizi. Bati lake halimwagi maji nje. Linayamwaga kwenye mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta, na mfereji huo mara nyingi una tundu moja tu la kutolea. Majani mawili ya mwembe yanatosha kuliziba. Maji yanajaa, yanapita ukingo wa mfereji, yanateremkia ndani ya ukuta na kwenye dari. Nyumba ya namna hii inahitaji matundu mawili ya kutolea, pamoja na tundu la tatu la dharura lililotoboa ukuta wa mbele, likiwa chini ya ukingo wa ndani wa mfereji, ili mfereji ukiziba maji yaruke nje uyaone. Bati la kufunika maungio ya paa na ukuta liingie kwenye mfuo uliochimbwa ukutani kina cha milimita 25 na kuzibwa kwa saruji. Likigandishwa kwa silikoni peke yake, jua litaibandua. Na kichwa cha ukuta huo kisiachwe bapa: kifunikwe kwa zege au bati lenye mwinamo na pua inayodondosha maji mbali na ukuta.

Doa la mviringo la kahawia katikati ya dari ni tone. Panda darini saa sita mchana utafute vitundu vya mwanga kwenye bati, simtanki inayofurika kwa boya bovu, bomba la kiyoyozi lililochomoka, au msumari wa bati ambao mpira wake umekauka kwa jua. Usitafute juu ya doa peke yake. Maji huteremka juu ya papi na kenchi, yaani mbao zinazobeba bati, kwa mita kadhaa kabla ya kudondoka, kwa hiyo fuata michirizi kwenye mbao kuelekea juu. Ukishindwa kuiona, mtu mmoja apande na mpira wa maji na mwingine abaki darini. Mwagia kuanzia chini ya paa, dakika 10 hadi 15 kila sehemu, ukipanda polepole. Ukianzia juu, paa zima linalowa na hutajua tundu liko wapi.

Kukausha ndiko kazi yenyewe

Mafundi wa nchi nyingi hukadiria mwezi 1 kwa kila milimita 25 za unene wa ukuta uliolowa kabisa, kama hewa inapita. Ukuta wa inchi 6 unaokauka pande zote mbili utataka basi kama miezi 3. Ni makisio, si sheria: doa dogo la siku moja litakauka kwa wiki chache, na ukuta uliozama kwenye mafuriko unaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Ndiyo maana tunashauri kukata njia ya maji mara tu mvua za masika zikipungua mwezi wa 5, kubandua lipu mbovu mwezi wa 6, na kupiga lipu mpya kwenye kipupwe au baada yake. Anayepiga lipu kati ya mvua moja na nyingine anatupa saruji yake.

Bandua rangi na lipu iliyokufa mapema, maana rangi ya mafuta na lipu iliyojaa chumvi vinazuia ukuta kupumua. Fungua madirisha mchana, elekeza feni ukutani, sogeza makabati. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani kukausha ukuta; moshi wake usioonekana unaua watu.

Kujua kama umekauka usitumie kiganja. Kata nailoni nyepesi inayoonyesha, sentimita 45 kwa 45, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne bila kuacha upenyo, uiache saa 24 hadi 48. Matone yakitokea upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, ukuta bado unatoa maji. Yakitokea upande wa chumbani, ni fukuto la hewa: shida ni chumba kisicho na hewa, na lipu mpya haitasaidia kitu.

Kubandua, chumvi na kuvu

Zima umeme wa chumba kwenye swichi kuu kabla ya kuanza, hasa panapokuwa na soketi ndani ya eneo lililolowa. Gonga lipu kwa kipini cha tindo ukisikiliza. Lipu nzima inatoa sauti nzito, iliyoachana na tofali inalia kama mtungi mtupu. Chora kwa chaki mpaka wa sauti hiyo. Kwa maji yaliyopanda kutoka chini, pandisha mstari wako sentimita 30 zaidi juu ya alama ya mwisho ya unyevu, kwa kuwa chumvi imekwenda mbali kuliko jicho linavyoona. Chumvi hii hunyonya unyevu hata wa hewani. Lipu iliyojaa chumvi haitakauka hata ukihamisha mto.

Kata kingo za eneo ziwe za mraba, zikiwa zimechimbwa ndani kidogo ili lipu mpya ishikwe. Shuka mpaka kwenye tofali. Kwangua maungio ya matofali yaliyolegea kina cha sentimita 1. Unga mweupe usiuoshe. Ukiuosha unauyeyusha na kuurudisha ukutani. Uondoe ukiwa mkavu kwa brashi ngumu, uzoe kwa kizoleo, ukautupe mbali na msingi. Rudia kila wiki mpaka utakapokoma kuchanua. Asidi ya kusafishia vigae haifai hapa, kwani inaongeza chumvi nyingine.

Kuvu nyeusi iloweshe kwanza kwa sabuni na maji ndipo uisugue, ili mbegu zake zisiruke. Kisha paka dawa ya klorini ya kufulia, mililita 250 katika lita 4 za maji, uache dakika 10 na usuuze kwa kitambaa. Vaa glavu, miwani na barakoa, na fungua madirisha. Klorini isichanganywe kamwe na asidi wala dawa yenye amonia: hewa inayotoka inachoma mapafu.

Mchanganyiko

Kosa kubwa la mafundi wenye nia njema ni kuongeza saruji ili lipu iwe ngumu. Lipu yenye nguvu kuliko tofali lililo nyuma yake husinyaa, hupasuka, na kuachana na ukuta kama ganda. Ndani ya nyumba, saruji 1 kwa mchanga 5 inatosha kwa tofali zuri. Kwa tofali laini, au ukuta ambao umewahi kulowa, tunapendelea saruji 1, chokaa 1 na mchanga 6. Chokaa hulainisha mchanganyiko, hupunguza nyufa, na huacha unyevu uliobaki utoke taratibu.

Mchanga uwe wa mtoni, uliochekechwa. Mchanga wa baharini una chumvi, na ukuta utaanza kulia kabla mwaka haujaisha. Kujua kama una matope mengi, jaza chupa ya kioo nusu kwa mchanga, ongeza maji mpaka robo tatu na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, uiache saa 3. Matope yatatua juu ya mchanga. Kwa mchanga wa kina cha sentimita 10, tabaka la matope likizidi milimita 8, uoshe mchanga huo au utafute mwingine.

Kwa vipimo: mita 1 ya mraba ya lipu yenye unene wa milimita 15, pamoja na inayodondoka, inakula ndoo 1 ya lita 20 ya mchanga na lita 4 za saruji. Kiraka cha mita 3 kwa mita 1 kitachukua basi ndoo 3 za mchanga na lita 12 za saruji, yaani karibu theluthi ya mfuko wa kilo 50. Pima kwa ndoo, si kwa chepe. Chepe la saruji na chepe la mchanga mbichi havilingani. Changanya vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo uongeze maji kidogokidogo. Ukibinya bonge mkononi lishikane bila kuchuruzika. Koroga kinachoweza kuisha ndani ya saa 1 na nusu. Mchanganyiko ulioanza kuganda kwenye karai usirudishiwe maji. Utaonekana laini, lakini nguvu yake imeshakwisha.

Kupiga lipu

Jioni ya kutangulia mwagia ukuta maji, na tena saa 1 kabla ya kazi. Inaonekana kama kinyume cha yote yaliyosemwa, lakini maji haya ni ya juu juu tu. Tofali lililokauka hunyonya maji ya lipu kabla saruji haijashika, na lipu hubaki unga. Ukuta uwe na rangi ya giza bila maji kung'aa juu yake.

Kwenye eneo kubwa, rushia kwanza rojo la saruji 1 kwa mchanga wa chembe nene 2, unene wa milimita 3 hadi 5, uache likiwa na miiba. Liloweshe, lisubiri siku 1. Kwenye kiraka kidogo, paka uji wa saruji kwa brashi na ubandike lipu uji ukiwa bado mbichi. Ukikauka unakuwa kama karatasi katikati, na kiraka kitadondoka kizima.

Tabaka moja lisizidi milimita 15. Shimo lenye kina zaidi lijazwe mara mbili: la kwanza likwaruzwe mistari kwa ncha ya mwiko, lipumzike siku 1 au zaidi, kisha la pili. Bandika kwa mwiko ukikandamiza, halafu vuta rula ya alumini kutoka chini kwenda juu kwa kuyumbisha, ncha zake mbili zikikaa juu ya lipu ya zamani. Hiyo ndiyo inayokupa usawa, kuliko pima maji, maana ukuta wa zamani wenyewe mara nyingi haujanyooka. Subiri mpaka kidole kikiacha alama bila kunata, ndipo usugue kwa ubao ukizungusha. Kwenye kingo sugua kutoka lipu mpya kuelekea ya zamani.

Mtindo wa kunyunyiza saruji kavu juu ya lipu mbichi ili iteleze, yaani kuipiga niru, uuache kwenye ukuta huu. Ganda hilo gumu ndilo linalopasuka nyufa ndogo kama utando wa buibui.

Kuanzia kesho yake nyunyizia maji mara 2 au 3 kwa siku, kwa siku 7. Nyufa nyembamba zikizunguka kiraka wiki ya kwanza, chanzo ni jua, upepo wa feni au uvivu wa kumwagilia.

Nyumba za mawe na chokaa

Ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa hauna tabaka la kuzuia unyevu. Ulijengwa uvute maji na kuyatoa. Ukiupiga lipu ya saruji, au rangi ya plastiki, unaufunga mdomo: unyevu unapanda juu zaidi, chumvi inakusanyika nyuma ya ganda, na vichwa vya boriti za mikoko vilivyomo ukutani vinaoza kimya kimya. Hapa saruji isiingie kabisa, hata kijiko. Tumia chokaa iliyolowekwa, sehemu 1 kwa mchanga 2 na nusu hadi 3, matabaka ya milimita 8 hadi 10. Kila tabaka lisubiri mpaka ukucha wa dole gumba usiache alama, jambo ambalo huchukua siku kadhaa, na muda wote huo likingwe jua na kunyunyiziwa maji kidogo. Chokaa hukaza kwa kunywa hewa, haiharakishwi. Malizia kwa chokaa nyembamba ya kupaka, mikono 3 au 4. Chokaa isiyozimwa, yaani ambayo bado haijalowekwa, huchemka ikikutana na maji: itie chokaa kwenye maji mengi, usimwage maji juu ya chokaa, na macho yafunikwe.

Dari

Dari la jipsamu lililotumbukia kama tumbo limebeba maji. Zima umeme, ondoa watu na vyombo, weka ndoo, toboa kitundu katikati ya uvimbe kwa bisibisi ukiwa umesimama pembeni. Bodi iliyopinda, iliyolainika kwa kidole au yenye kuvu haiponi, ikatwe. Bodi yenye doa tu, ikiwa ngumu na imenyooka, hubaki.

Kata mraba unaozidi doa kwa sentimita 10 hadi 15 kila upande, na ikiwezekana mpaka katikati ya branda, yaani mbao zinazoshikilia bodi za dari, ili bodi mpya ipate pa kukalia. Pasipo na branda, ingiza vipande vya mbao nyuma ya kingo na uvikaze kwa skrubu kupitia bodi ya zamani. Bodi mpya iwe ya unene uleule, milimita 9 au 12, na iachiwe nafasi ya milimita 3 kuzunguka. Skrubu za milimita 25 kila sentimita 20, vichwa vizame kidogo bila kuchana karatasi. Mkanda wa matundu hupita juu ya maungio, kisha jipsamu ya kujazia mara tatu: ya kwanza upana wa sentimita 15, ya pili 22, ya tatu 30, kila moja ikauke siku nzima. Upana huo ndio unaoficha kiungo. Anayepaka kwa upana mdogo na unene mkubwa ataona mgongo kila taa ikiwashwa.

Puti ya jipsamu iishie hapo darini. Ukutani penye historia ya unyevu inalainika, na ikikutana na saruji iliyolowa vinatengeneza chembe zinazovimba na kubandua kila kitu. Huko tumia puti ya saruji nyeupe.

Dari la zamani la vigae vigumu vya kijivu linaweza kuwa na asbestosi. Lisikatwe, lisipigwe msasa, liachwe kwa wanaojua kuliondoa.

Lipu ya chini ya slabu ndiyo ya kuogopa. Mita 1 ya mraba yenye milimita 15 ina uzito wa karibu kilo 30. Ikitoa sauti ya mtungi, iteremshe yote kwa makusudi, ukiwa na kofia ngumu na umesimama nje ya eneo linaloanguka. Ukikuta nyufa zilizonyooka zenye kutu, nondo zinaoza, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ikalipasua zege. Nondo moja au mbili zilizoanza: chimba mpaka nyuma ya nondo kwa milimita 20, sugua mpaka chuma king'ae, paka dawa ya kuzuia kutu, jaza kwa saruji maalumu ya kurekebishia isiyosinyaa. Nondo zikiwa nyingi, zimeliwa au slabu imelegea katikati, weka nguzo za kuishikilia na uite mhandisi.

Rangi

Lipu mpya ya saruji isubiri wiki 4. Kabla ya hapo ukali wake hula rangi, ikababuka au kugeuka mabaka. Jaribu tena kwa nailoni, piga msasa laini, pangusa vumbi, paka praima inayostahimili ukali wa saruji, kisha rangi ya maji mikono 2. Rangi ya mafuta inayong'aa iache kwenye milango. Doa la kahawia la darini litapenya rangi ya maji hata ukipaka mara tano, kwa kuwa linayeyuka kwenye maji yaleyale ya rangi. Lifunike kwanza kwa praima ya mafuta ya kuziba madoa, mkono 1, sentimita 5 kupita ukingo wake, likauke siku 1. Makabati yakirudi, yaachwe sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani hewa ipite.